Samaki Niliyemtupa Wadini

Samaki yule nilimtupa mie. Nnaanza na hilo ili nisije nikazunguka zunguka nikalikimbia, maana nimeshalikimbia mara nyingi. Watu wa nyumba yangu walimcheka mume wangu karibu mwaka mzima kwa sababu alisema kuna samaki mkubwa mwenye meno katika bwawa la wadi, bonde la mto mkavu, huko milimani, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka kwetu Azaiba. Walimcheka, kisha wakamwonea huruma, na ile huruma ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Na wakati wote huo mie nilikuwa najua kama samaki yupo, kwa sababu nilimchukua mwenyewe kwenye ndoo ya achari nikammimina kwa mikono yangu hii.

Alipokuja nyumbani kwetu alikuwa na urefu wa kidole. Mwanangu mkubwa anakaa ghorofa ya juu na mkewe na binti yao, na mtoto alipofaulu mtihani alimnunulia tangi la kioo la samaki. Wakaliweka chini, sebuleni kwangu, kwa sababu juu hakuna nafasi, na kila kinachokosa nafasi juu huteremshwa kwa bibi. Mlikuwa na samaki wekundu, wa mistari, wa rangi ya dhahabu, na huyu mmoja mwembamba, mdomo wake mrefu kama wa mamba. Mwenye duka alisema hatokua sana. Alikua. Kwanza aliwamaliza wekundu. Kila ukiamka unakuta mmoja kapungua na yeye kasimama pale pale majini kama hakufanya kitu. Mwisho akabaki peke yake, na kugeuka kwake ikawa tabu, mkia unagusa kioo cha huku na mdomo unagusa kioo cha kule.

Mtoto yuko skuli, mama yake yuko kazini. Nani amlishe? Mie. Nikimkatia vipande vya jodari na matumbo ya samaki wa mchuzi. Nani asafishe kioo? Mie. Siku moja nafuta kwa kitambaa kilichochakaa, nyuzi zake zinaning'inia, akaja akakidaka. Meno yake ni kama sindano, safu kwa safu, na zile nyuzi zikanasa humo. Akapigapiga maji mpaka zulia langu likarowa. Nilimfunga taulo nikamweka mapajani nikakata nyuzi moja moja kwa mkasi, naye ananitazama kwa jicho lisilofumba. Nilipomrudisha majini nikasema khalas, huyu hakai tena nyumba hii.

Lakini utamfanya nini? Kuua kiumbe bure, cha kutoliwa, mie sikulelewa hivyo. Kumla nisingeweza, nimemlisha kwa mkono wangu. Mwenye duka hakumtaka tena. Bahari iko nyuma ya nyumba, lakini mtoto aliambiwa skuli kwamba samaki wa maji matamu akitiwa kwenye chumvi hufa. Basi nikaona nipate thawabu, nimwachie huru penye maji matamu. Wallahi niliona nafanya wema. Sisi tukikuta maji katikati ya mawe tunaona ni rehema tu, mtu anavua viatu anatia miguu, hafikirii kama yale maji yana wenyewe.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amevunjika mguu. Anakaa kijiji kilicho juu kidogo ya bwawa lile. Siku nilipokwenda kumjulia hali nilimwita dereva wa teksi tunayemjua, wa mtaa wa Wadi Kabir mjini, nikapanda na ndoo yangu imefunikwa. Akaniuliza nimebeba nini kizito hivyo. Nikamwambia achari ya mgonjwa. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Tulipofika bwawani nikamwambia asimame, nataka kutia udhu. Akasimama mbali kwa adabu, na mie nikateremka kwenye mawe nikamimina.

Mtoto aliporudi skuli akakuta tangi tupu. Nikamwambia samaki wake kafa, nimemzika chini ya mndimu uani. Akalia, akataka kuona kaburi. Nikamwonyesha mahali. Akaokota kokoto akazipanga duara, nami nimesimama nyuma yake namtazama. Mie, niliyewapaka wanangu pilipili midomoni kwa uongo mdogo kuliko ule. Katika nyumba yetu mtu akitaka kumaliza ubishi husema, "Muulizeni Mama." Na nikishasema mimi basi tena, watu hugeukia mambo mengine.

Mume wangu alikuwa mtunza ghala kwenye viwanda vya Rusayl, mpaka alipostaafu. Mtu wa kuhesabu maboksi na kuandika, na kazi ile humfanya mtu asiseme kitu mpaka akione mara mbili. Alipostaafu akaanza kuvua ufukweni hapa Azaiba, Jumamosi asubuhi, na fimbo ya kuvulia aliyozawadiwa na wenzake wa kazini. Magoti yakamshinda, kusimama mchangani akawa hawezi. Dada yake alipovunjika mguu akawa anakwenda kumwona kila wiki, na dada akilala yeye huteremka bwawani anakaa kwenye jiwe anatia miguu majini. Mule mlikuwa na visamaki vidogo sana ambavyo huja kudonoa nyayo za watu, vinatekenya, na yeye alisema vinamsaidia magoti. Sijui kama vinasaidia. Alikuwa anarudi amefurahi.

Kisha akaanza kusema visamaki vimepungua. Halafu Ijumaa moja, tumezunguka sinia la chakula cha mchana, akasema amemwona aliyevila. Alisema ni samaki wa urefu wa mkono, mwembamba, anapanda juu polepole, anatoa mdomo nje anavuta pumzi kama mtu, kisha anashuka.

Mwanangu akacheka mpaka akaweka tonge chini. Akasema, "Baba, bahari iko hapa mlangoni, unakwenda kuvua jangwani." Mkewe naye akasema labda ni mbuzi wa watu kaanguka majini. Mume wangu mwenyewe akacheka pamoja nao, akasema subirini tu, nitawaletea hapa hapa kwenye sinia.

Mjukuu wangu hakucheka. Akauliza, "Babu, mdomo wake kama wa yule wangu?"

Mume wangu akafikiri. "Hasa. Kama wa yule wako."

"Yule kafa," akasema mwanangu. "Bibi kamzika."

Wote wakanitazama, si kwa kunishuku, kwa desturi tu. Nikamwambia mtoto, "Kula wali wako."

Ilikuwa rahisi kusema pale. Wangecheka siku mbili na mie wangenicheka siku tatu, na mtoto angenuna wiki. Ndiyo thamani yote ya ule ukweli siku ile. Sikuutoa, na kila nilipouweka ukazidi kuwa mzito.

Akaanza kumtafuta. Wiki ya kwanza alirudi na mshipi uliokatwa. Akaniwekea mapajani ile ncha yake akaniambia nitazame, jiwe halikati hivi, jiwe linasaga, hili ni jino. Anajua, amevua mzia na nguru, samaki wa meno. Wiki ya pili akafunga waya mbele ya ndoana ili asikatiwe. Samaki akachukua chambo, akavuta, kisha ndoana ikachomoka safi kabisa. Wiki ya tatu vile vile. Alisema mdomo ule ni mfupa mtupu, ndoana haipati mahali pa kuingia, ni kama kuvua ubao. Alikuwa anakaa mezani ananyoosha waya, anapinda ndoana, anazitia makali kwa tupa, na mie nimekaa upande wa pili nnashona kofia, nnatia sindano tundu kwa tundu, na nnasikia kila neno. Alikuwa hai, mtu yule. Nilijiambia kwani ana dhara gani, acha apate pa kwenda. Nilijiambia hata kwamba nimemfanyia jambo zuri.

Msikitini barazani wenzake wakamfanyia mzaha. Akipita wanamwuliza, yakhe, leo umevua ngamia au umevua punda? Yeye alikuwa anawajibu. Akawaambia ngamia alikata waya. Mara mbili wanaume wa kijiji cha dada yake walikwenda naye kutazama, na mara zote mbili samaki hakupanda. Jua likishakuwa kali yule huzama kivulini chini ya mwamba hasogei. Wale wakarudi wanasema mzee anaona kivuli cha mwamba. Na kinamama wa pale walikuwa wameshaanza kulalamika kwamba visamaki vyote vimekufa, maji yameharibika, wakawakataza watoto kuingia. Wifi yangu ndiye aliyenisimulia, amelaza mguu wake kwenye mto, na mie nnamkorogea uji. Nikamwambia, Mungu atawaondolea. Ndivyo nilivyosema.

Sasa, mume wangu ni mzee. Mambo ya wazee alikuwa nayo. Aliacha jiko linawaka. Siku moja anaendesha gari, akapitiliza njia ya kutokea kuja kwetu akaenda mbele mpaka karibu ya uwanja wa ndege ndipo akageuza. Akamwita mke wa mwanangu kwa jina la dada yangu mie. Hayo hata mie yananitokea, na mie nna miaka michache nyuma yake. Lakini mwanangu akayaweka pamoja na samaki, na vikiwekwa pamoja vinatisha. Alimpeleka kwa daktari, na daktari akauliza, mzee anaona vitu ambavyo watu wengine hawavioni? Mwanangu akasema ndiyo.

Wakaniita majilisi, chumba cha wageni, mchana mmoja, mume wangu yuko msikitini. Mwanangu na mkewe. Hawakuwa na ubaya, nataka hilo lijulikane. Mwanangu macho yalikuwa mekundu. Alisema njia ya kwenda kule ina makona, lori za mawe zinapita, na mtu ambaye akili yake inamwonyesha vitu visivyokuwepo haachiwi usukani. Kisha akaniuliza.

"Mama, wewe ndiye unayekaa naye. Unamwamini?"

Nilikuwa na nafasi nzima. Hakuna aliyenikata neno. Nilitazama zile bilauri za chai, nikasema, "Mzee kachoka."

Maneno mawili. Nilijua yatafanya nini na niliyasema. Kwa nini? Nimejiuliza sana. Si kwamba nilikuwa nawaogopa. Ni kwamba mwaka ulikuwa umeshapita, na kama ningesema samaki yupo, ingenibidi niseme na kila siku niliyokaa kimya. Niliona aibu kuonekana mie ni mtu wa namna hiyo. Basi nikamwacha yeye aonekane mtu wa namna nyingine.

Aliporudi wakamwomba ufunguo wa gari. Mwanangu alizungumza vizuri, akamwambia kila anapotaka kwenda atapelekwa. Mume wangu alinitazama mie kwanza. Nilikuwa nakusanya bilauri. Akautoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwa ncha ya kanzu yake kama vile ulikuwa na vumbi, akampa.

Baada ya hapo hakumtaja tena samaki. Fimbo akaisimamisha nyuma ya mlango. Kwa dada yake akawa anapelekwa mara moja kwa mwezi mwanangu akipata nafasi, wanakaa nusu saa, wanarudi, hawasimami bwawani. Nilifikiri kama kaisahau habari ile. Alikaa kitini anatazama televisheni ambayo sauti imezimwa.

Miezi mitano ilipita hivyo. Kisha nikawa nafua kanzu zake, nnatoa vitu mifukoni kama kawaida, nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Kusoma nnasoma, polepole, skuli sikukaa sana lakini mwandiko wake nnaujua, ni mwandiko wa ghala, kila herufi imesimama peke yake. Alikuwa ameandika majina ya watoto wetu kwa kufuatana. Majina ya wajukuu. Leo siku gani. Jana nilikula nini: papa na wali. Kila mstari ameutia alama kama anavyotia mtu aliyehakikisha mzigo. Chini kabisa ameandika: Samaki. Urefu wa mkono. Mdomo wa mamba. Nimemwona mara sita. Kisha akaongeza kwa kalamu nyingine: Au sikumwona. Pale hakutia alama.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ina povu. Mtu huyu alikuwa anajipima akili zake peke yake, kila siku, chumba cha pili, na dawa yake ilikuwa mdomoni mwangu.

Ijumaa ile nikasema. Sikungoja watu washibe. Nikasema samaki wa bwawani yupo, Baba hakukosea, ni yule wa mtoto, hakufa, nilimtia mie. Nikasema na ndoo, na achari, na dereva, na udhu wa uongo.

Watu wakaacha kula. Kisha mwanangu akaniwekea mkono begani, kwa upole, na ule upole ndio ulionivunja. "Mama, tunajua unavyompenda Baba. Lakini usijitie uongoni kwa ajili yake. Wewe si mtu wa uongo."

Mke wake alikuwa anafuta machozi. Waliona nimefanya jambo zuri. Nikawaambia wallahi. Wakaniambia usiape, Mama, usiape.

Mjukuu wangu akainuka. Tulimsikia mlango wa uani. Alikaa kidogo, akarudi na mwiko wangu wa jikoni una udongo, na mikono yake ina udongo mpaka viwiko. Akasimama mbele yangu.

"Hamna kitu, Bibi. Hamna hata mfupa."

Mwanangu akasema mifupa ya samaki huoza. Lakini mtoto alikuwa hanitazami tena kama alivyokuwa akinitazama. Ana miaka kumi na moja. Alirudi mahali pake akala, na mie nikaona kwamba mmoja kaniamini.

Na wa pili. Ni mume wangu. Sasa akaniuliza, sauti ndogo, kama anauliza bei ya kitu.

"Siku ile waliponitaka ufunguo. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akanawa mikono, akasema alhamdulillahi ya chakula, akaondoka. Siku nne hakunisemesha ila salamu, kwa sababu salamu ni lazima. Nilimpikia, akala. Nilimwekea nguo, akavaa. Angenitukana ningelala.

Siku ya tano nikachukua kamba ya nailoni, ile ya kuanikia nguo, nikakata kipande cha shubiri moja. Nikaanza kuifumua, uzi kwa uzi, nikaichambua kwa sindano ya kofia mpaka ikawa kama ndevu nyeupe. Akawa ananitazama kwa pembeni. Nilimwambia samaki yule ndoana haimpati, yeye mwenyewe aliona. Lakini nyuzi zinampata. Nikamsimulia ile siku ya kitambaa na mkasi. Akija akauma, meno yatanasa humu, hawezi kutema.

Akaichukua ile kamba akaigeuza geuza. Akauliza, "Na uzito?" Nikasema uzito wewe ndiye unayejua. Akainuka kwenda kutafuta waya. Hakuwa amenisamehe, msidhani. Ilikuwa kazi imepatikana, na yeye ni mtu wa kazi.

Tulikwenda na dereva yule yule wa Wadi Kabir, baada ya sala ya alfajiri, ili tumkute samaki kabla jua halijawa kali. Hatukumwambia mtu nyumbani. Dereva alibaki garini na chai yake. Mume wangu alishuka kwenye mawe amenishika bega, na lile goti lake likilia. Maji yalikuwa kijani, yametulia, na kweli hamkuwa na kisamaki hata kimoja. Nilitia mkono nikauacha mule kwa muda. Hakuna kilichokuja kudonoa.

Alitupa kamba yake ya ndevu akaivuta polepole, akatupa tena. Niliona namna anavyotazama maji: anayatazama, kisha anayaepuka, kama mtu anayeogopa kuona. Ndipo upande wa mwamba maji yakafunguka, ukatoka mdomo, mrefu, ukavuta pumzi, ukashuka. Nikamsikia anashusha pumzi na yeye. Hakusema "umeona?" Alinigeukia tu, na nikamwambia, "Yule pale. Nimemwona."

Ilimchukua mara tisa au kumi. Samaki alikuja nyuma ya kamba, akaifuata mpaka karibu na miguu yetu, akageuka. Kisha akaja kwa upande akaipiga. Mume wangu hakuvuta kwa nguvu, alimwachia atafune, zile nyuzi zimwingie menoni. Nilikuwa nnasoma kila dua ninayoijua na sikujua nnaomba apatikane au aponyoke. Alipoanza kumvuta, samaki akaruka mzima mzima nje ya maji, akapiga mwamba kwa mkia, akazama, akaenda chini. Fimbo ikapinda. Mume wangu akakaa chini kwenye jiwe ili goti lisimtupe, akavuta akiwa amekaa, mdomo wake umekaza. Samaki alikuwa mkubwa kuliko nilivyomtupa, mara mbili. Nilivua kanga yangu ya juu nikaingia majini mpaka magotini nikamfunika nayo nikamkumbatia.

Akatulia. Magamba yake ni magumu kama vigae. Lile jicho likanitazama.

Mume wangu akauliza tumfanye nini. Nilijua lazima afe. Akirudi majini, wifi yangu na majirani zake hawatopata tena visamaki vyao, na nyumbani hakuna atakayeamini. Akasema lete, nimmalize mie. Nikamwambia hapana, niliyemleta nimwondoe. Nikasema bismillahi, nikachukua jiwe. Haikuwa mara moja. Hilo sitaki kulisimulia zaidi.

Tulifika nyumbani wakati mwanangu anajitayarisha kwenda kazini. Niliifungua kanga kwenye sakafu ya majilisi. Samaki alikuwa na urefu kushinda ule wa mkono wangu, na meno yamejaa nyuzi nyeupe. Mwanangu alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda alipokaa baba yake, akainama akambusu kichwa, akabaki pale amemwekea paji la uso kichwani, mabega yanamtikisika. Mume wangu akawa anampigapiga mgongo, anamwambia si kitu, si kitu, baba.

Mimi hakuna aliyeniambia kitu. Mjukuu wangu alishuka na begi la skuli, akachutama karibu na samaki wake, akamgusa mgongoni kwa kidole kimoja. Akasema amekuwa mkubwa. Kisha akaniuliza, bila ukali, kama samaki aliumia alipokufa. Nikamwambia ndiyo. Nimeapa kwamba mtoto yule sitomdanganya tena hata kwa jambo la pipi.

Ufunguo alirudishiwa siku ile ile. Daktari mwingine akampima, akasema ni uzee wa kawaida. Anaendesha mpaka msikitini na mpaka kwa dada yake, na barazani wale wale sasa wanataka awasimulie, naye anasimulia kwa ufupi. Watu hudhani mambo yameisha.

Lakini mume wangu hana tena ile hali ya kusema kitu kwa sababu amekiona. Zamani alikuwa akisema "paka kaingia", basi paka kaingia. Sasa anakiona kitu, ananyamaza, ananitafuta kwa macho. Taa ya barabarani ikiwa nyekundu huniuliza. Mtu akipunga mkono ng'ambo ya njia huniuliza kama kweli anapunga. Huuliza kwa mzaha kidogo, ili nisihuzunike, nami hunijia ule mstari wa kalamu ya pili: Au sikumwona.

Juzi tulikuwa tumekaa uani alasiri, mie na kofia yangu, yeye na kahawa. Juu ya ukuta wa jirani akatua ndege mweupe, mkubwa, mguu mmoja ameukunja. Mume wangu alimwona kabla yangu. Nikahisi kikombe chake kimesimama hewani.

"Na wewe unamwona?" akauliza.

Niliweka sindano chini, nikainua kichwa nikatazama vizuri kabla ya kujibu, maana sasa sithubutu kujibu bila kutazama.

"Nnamwona. Mweupe. Kasimama mguu mmoja."

Hakugeuka kumtazama ndege. Alibaki ananitazama mie, usoni, kama alivyokuwa akitazama maji yale kabla hayajafunguka.